Je, Wajua? Jicho la Rubani Lina Sheria Zake

Kibanzi kikimruka seremala jichoni, habari inaishia kwake, kwa watu wa nyumbani na kwa daktari. Kikimruka rubani, hata kama alikuwa likizo akijengea kuku banda, kuna karatasi moja ambayo lazima ihusike: cheti cha afya. Bila cheti hicho leseni ya urubani haiondoki chini. Tumekukusanyia mambo ya kushangaza kuhusu macho ya marubani: yaliyoumia, yaliyofichwa, yaliyoripotiwa, na hata moja lililolipia ndege. Mengi yanatoka Marekani, nchi yenye marubani wengi kuliko zote na fomu za kutosha kuwachosha.

Jicho lililonunua ndege

Wiley Post wa Oklahoma, Marekani, alinunua ndege yake ya kwanza kwa fidia ya jicho. Tarehe 1 Oktoba 1926, akiwa kibarua kwenye kisima cha mafuta, kipande cha chuma kilimruka na kumharibia kabisa jicho la kushoto. Fidia yake, chini kidogo ya dola 2,000, ikaishia kwenye ndege. Wakati akiuguza jeraha alijifundisha upya kupima umbali: anautazama mti, anakisia ni hatua ngapi, kisha anauendea akihesabu ili ajue amekosea kwa kiasi gani. Julai 1933, mwenye chongo huyo akawa binadamu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege peke yake, kwa siku 7, saa 18 na dakika 49.

Rubani ndiye daktari wa kwanza

Nchini Marekani, rubani aliyeumia jicho leo hadaiwi kuipigia simu mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, usiku huu huu. Kanuni namba 61.53 inamdai kitu kigumu zaidi: ajikalishe chini mwenyewe. Akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba afya yake imeshuka chini ya viwango vya cheti chake, haruhusiwi kurusha ndege, hata kama cheti kilichoko mfukoni bado kina miezi kumi ya uhai. Hakuna askari mlangoni wala barua ya kusimamishwa. Usalama wa abiria unaanza na mtu mmoja anayejitazama kwenye kioo asubuhi na kusema: leo siruki.

Fomu isiyosahau utoto wako

Fomu ya afya ya rubani wa Marekani, namba 8500-8, haiulizi tu unavyoona leo. Inauliza kama umewahi katika maisha yako yote kuwa na tatizo la jicho au la kuona, na miwani pekee ndiyo iliyosamehewa. Mbele kidogo inataka orodha ya ziara zako kwa wahudumu wa afya katika miaka 3 iliyopita. Jeraha moja la jicho, basi, linaweza kuandikwa mara mbili: kama historia na kama ziara ya hospitali. Habari njema ni kwamba jambo lililokwisha kuripotiwa na lisilobadilika halihitaji hadithi ndefu kila mwaka. Unaandika kwamba liliripotiwa na hakuna mabadiliko, unasonga mbele.

Ulaya, hata miwani ya kwanza ni habari

Kwa marubani walio chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, siku daktari anapokuandikia miwani kwa mara ya kwanza maishani ni siku ya kutafuta ushauri wa daktari wa usafiri wa anga bila kuchelewa. Orodha hiyo hiyo ina upasuaji, kulazwa hospitalini, kuanza dawa za kila siku, ujauzito, na jeraha lolote kubwa linalokuzuia kufanya kazi. Ukiilinganisha na Marekani utaona mitindo miwili ya kulinda anga moja: Marekani unajizuia kuruka kisha unaeleza kwenye uchunguzi unaofuata, Ulaya unaeleza kwanza ndipo unajua kama utaruka.

Mkwaruzo mdogo, kelele kubwa

Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hauna mshipa hata mmoja wa damu, lakini una miisho ya neva iliyosongamana mamia ya mara kuliko ngozi. Ndiyo maana punje ya vumbi inamtoa mtu mzima machozi. Kwa kuwa haina damu ili ipitishe mwanga, konea hujipatia oksijeni kutoka hewani na kwenye machozi, na mkwaruzo mdogo mara nyingi hupona kwa siku 1 hadi 3. Kwa rubani maana yake ni ya kufariji: majeraha mengi ya jicho ni ya kukaa chini siku chache, si ya kuaga kazi.

Hata kupimwa kunaweza kukuzuia kuruka

Rubani anaweza kuingia kliniki akiwa mzima kabisa wa macho na kutoka akiwa hafai kurusha ndege. Chanzo ni matone ya kupanua mboni, ambayo daktari huyatia ili aone sehemu ya nyuma ya jicho. Kwa saa kadhaa baadaye mwanga wa jua huwa mkali kupita kiasi, na maandishi ya karibu hugeuka ukungu. Miadi ya macho haipangwi asubuhi ya siku ya safari, na marubani wazoefu hulijua hilo.

Chongo kwa hesabu

Waswahili wanasema ukipenda, chongo utaita kengeza. FAA haipendi wala haichukii: kwake, rubani huhesabiwa kuwa wa jicho moja pale jicho moja linapokuwa na uwezo wa 20/200 au chini ya hapo hata baada ya kuvaa miwani bora. Maana yake ni kwamba jicho hilo linahitaji kusogea hadi mita 6 ili lisome herufi ambayo jicho zima husoma kutoka mita 60. Jicho hilo linaweza kuwepo, likang'aa, likapepesa, na bado kwenye karatasi likawa halipo.

Miezi 6 ya kuufunza ubongo

Rubani aliyepoteza jicho moja hupewa kwanza muda wa kuzoea, na FAA hutaja miezi 6. Muda huo ni wa ubongo kuliko wa kidonda. Ubongo uliozoea picha mbili unajifunza kupima umbali kwa picha moja, na shingo inajifunza kugeuka mara nyingi zaidi kufidia upande uliofungwa. Mwanzoni mtu hukosa kikombe akimimina chai na hugonga bega mlangoni; baada ya miezi kadhaa wengi wanasahau kwamba kuna siku walikuwa wakikosea.

Mtihani unaofanyika angani

Baada ya daktari wa macho kujaza ripoti yake, rubani wa jicho moja nchini Marekani hupelekwa angani na mkaguzi kuonyesha kwa vitendo kile ambacho ubao wa herufi hauwezi kukipima. Anatakiwa kuchagua kutoka juu sehemu ya kutua kwa dharura, kuona mapema nyaya na nguzo zilizoko njiani, kuiona ndege nyingine ambayo mkaguzi amekwishaiona, na kusoma ramani huku akirusha. Akifaulu anapewa hati ya uwezo uliothibitishwa, ambayo huambatana na cheti chake cha afya. Mpango huu unasema jambo zuri: sheria haimuulizi rubani ana macho mangapi, inamuuliza anaweza kufanya nini.

Kiwanja hakipimwi kwa macho mawili

Watu wengi hudhani kutua ndege kwa jicho moja ni muujiza, kumbe macho mawili hayasaidii sana kwenye umbali wa kiwanja. Macho yetu yameachana kwa takriban sentimita 6 tu, kwa hiyo tofauti ya picha zake ina nguvu kwa vitu vya karibu, kama kutunga uzi kwenye sindano, na hufifia kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Rubani anayekaribia kutua hutegemea zaidi umbo la njia ya kurukia, ukubwa wake, na kasi ambayo ardhi inampita. Njia nyembamba kuliko alivyozoea humdanganya kwamba yuko juu sana, na uongo huo humpata mwenye macho mawili sawasawa na mwenye moja.

Ndege inayofichwa na jicho lako mwenyewe

Kila jicho la binadamu lina tundu lisiloona kitu, pale mshipa wa neva unapotokea nyuma ya jicho. Jaribu sasa hivi: fumba jicho la kushoto, nyoosha mikono yote mbele na vidole gumba juu vikigusana, kazia macho gumba la kushoto, kisha sogeza la kulia taratibu kwenda nje. Likifika kama nyuzi 15, ncha yake itatoweka. Kwa umbali wa kilomita 1 tundu hilo lina upana unaozidi mita 80, nafasi ya kutosha kuficha Boeing 737-800 mbili zilizopangwa bawa kwa bawa. Mwenye macho mawili hajui tundu hilo, kwa kuwa jicho moja huziba pengo la mwenzake. Rubani wa jicho moja hulizibua kwa kugeuza kichwa bila kuchoka.

Kioo cha ndege ya vita kilichozaa tiba

Upasuaji wa kisasa wa mtoto wa jicho una asili katika macho ya rubani aliyejeruhiwa. Agosti 1940, katika vita vya angani juu ya Uingereza, kifuniko cha plastiki cha ndege ya Gordon Cleaver kilipasuliwa kwa risasi na vigae vyake vikamwingia machoni. Daktari Harold Ridley aliona jambo geni: vigae vile vilikaa ndani ya jicho bila mwili kuvikataa. Kutokana na hilo akatengeneza lenzi ya plastiki ya aina hiyo, na tarehe 29 Novemba 1949 akaipandikiza kwenye jicho la mgonjwa katika hospitali ya St Thomas', London. Leo lenzi za uzao huo zinawekwa kila siku, kuanzia CCBRT ya Dar es Salaam hadi hospitali ya Kikuyu nchini Kenya. Na Cleaver mwenyewe? Mwaka 1987 jicho lake lililosalia lilipata mtoto wa jicho, naye akapandikizwa lenzi iliyotokana na ajali yake.

Kutoka kope za marubani hadi Flying Doctors

Huduma ya madaktari warukao tunayoijua Afrika Mashariki ina undugu na marubani walioungua kope. Katika vita hivyo hivyo, daktari Archibald McIndoe wa hospitali ya East Grinstead, Uingereza, aliwatengenezea marubani kope mpya kwa ngozi ya sehemu nyingine za mwili, maana jicho lisilofunikwa hukauka na konea yake huharibika. Wagonjwa wake walianzisha chama walichokiita kwa utani Guinea Pig Club, chenye wanachama 649 vita vilipokwisha. Mwaka 1957, McIndoe pamoja na wapasuaji wenzake Michael Wood na Tom Rees walianzisha huduma iliyokuja kuitwa AMREF. Aliyeokolewa kwa ndege kutoka kijiji cha mbali ana deni dogo kwa kope zile.

Macho yaliyoganda na miwani ya mtindo

Tarehe 27 Februari 1920, Meja Rudolph Schroeder wa Marekani aliruka kutoka Dayton, Ohio, hadi zaidi ya futi 33,000, takriban mita 4,000 juu ya kilele cha Kilimanjaro, kwenye ndege isiyo na paa. Miwani yake iliingia ukungu, akaivua, na baridi ikamgandisha macho. Akazimia, ndege ikaporomoka kilomita nyingi, akazinduka karibu na ardhi na kutua. Inasimuliwa kwamba rubani mwenzake, John Macready, aliyeyaona macho yale, ndiye aliyeisukuma kampuni ya Bausch & Lomb itafute kinga bora. Miwani ya Ray-Ban ya kirubani ikaingia sokoni mwaka 1937. Jambo la kuchekesha ni kwamba miwani ya jua inayochuja mng'ao kwa vioo maalumu, ambayo madukani huuzwa kwa fahari, marubani hushauriwa waiache nyumbani: inaweza kuzifanya skrini za ndege zionekane nyeusi tititi.

Kipovu kisichopaswa kupanda ndege

Kuna mgonjwa wa macho ambaye haruhusiwi kupanda ndege hata akiwa abiria. Huyo ni aliyefanyiwa upasuaji wa retina iliyobanduka, akawekewa gesi ndani ya jicho ili iishikize mahali pake. Hewa ndani ya ndege ikiwa angani inaweza kulingana na ya mwinuko wa futi 8,000, ambako mgandamizo ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Kipovu hutanuka kwa karibu theluthi, kama pakiti ya krispi inavyovimba safarini, na presha ndani ya jicho inaweza kuzuia damu na kuleta upofu. Hata kupanda gari kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kunahitaji ruhusa ya daktari. Gesi ya aina moja huisha kwa takriban wiki 2, nyingine hukaa hadi wiki 8, na wagonjwa wengi hufungwa utepe mkononi ili kila anayewahudumia ajue.

Lenzi mbili zilizoishusha ndege mapema

Tarehe 19 Oktoba 1996, ndege ya Delta safari namba 554 iligonga nguzo za taa kabla ya kufika njia ya kurukia ya LaGuardia, New York, ikiwa na watu 63, na wote wakapona. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iligundua kwamba nahodha alivaa lenzi za machoni za namna mbili: jicho moja la kuonea mbali, jingine la kusomea karibu. Ukiwa dukani mpango huo ni raha tupu. Juu ya maji, kwenye mvua na ukungu, ulimnyima uwezo wa kupima alipo. Fomu ya afya ya Marekani sasa ina swali lake mahsusi: je, huvaa lenzi ya kuonea karibu unaporusha ndege?

Miwani ya akiba ni sheria, si busara tu

Rubani anayehitaji miwani lazima awe na jozi ya pili karibu naye wakati wote wa safari. Hicho ni kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga lenye makao Montreal, na nchi wanachama wake ni 193, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. ICAO pia inamkataza mwenye leseni kuitumia anapojua kwamba afya yake imeshuka. Kwa daraja la juu la cheti, ICAO inataka kila jicho lione angalau 6/9 na macho mawili pamoja 6/6, ila haijali kama uwezo huo umetoka kwa Mungu au kwa duka la miwani.

Taa nne nyekundu

Kando ya njia nyingi za kurukia kuna taa nne zinazomwambia rubani kama yuko sawa: mbili nyeupe na mbili nyekundu ni salama, nne nyekundu ni hatari, uko chini mno. Tarehe 26 Julai 2002, ndege ya mizigo ya FedEx safari namba 1478 ilianguka kabla ya kufika kiwanja cha Tallahassee, Florida. Watu wake watatu walinusurika. Pamoja na uchovu na kutofuata taratibu, NTSB ilitaja upungufu wa kutofautisha rangi wa rubani msaidizi aliyekuwa akirusha, upungufu ambao mamlaka iliujua na kuuruhusu. Karibu mwanamume 1 kati ya 12 huzaliwa nao, lakini jeraha la neva ya jicho nalo linaweza kuifubaza rangi nyekundu. Ndiyo maana daktari hupima rangi pia, si herufi peke yake.

Kidude cha mfukoni dhidi ya ndege

Mwaka 2023 marubani wa Marekani waliripoti kumulikwa na miale ya leza mara 13,304, wastani wa mara 36 kila siku. Ule mwale mwembamba unaouona ukutani hutanuka kadiri unavyokwenda mbali, na ukigonga kioo cha ndege hutawanyika kama pazia la mwanga, hasa usiku wakati mboni imefunguka. Rubani hufundishwa kutazama pembeni, kutosugua macho, na kuwaambia waongoza ndege mara moja, maana ripoti hiyo huwasaidia polisi kumpata mmulikaji. Adhabu yake Marekani ni hadi miaka 5 jela.

Usiku wa Nairobi uko juu ya mstari

FAA hushauri marubani watumie oksijeni ya ziada usiku wanapopita futi 5,000. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, umekaa zaidi ya futi 5,300 kabla ndege haijainua hata gurudumu. Sababu ni kwamba chembe za jicho zinazoona gizani zina uroho mkubwa wa oksijeni, na ndizo za kwanza kulegea hewa inapokuwa nyepesi. Wenyeji wa Nairobi wamezoea na wanaona vizuri tu. Lakini jicho lililotoka kuumia hulalamika kwanza usiku, kwa mng'ao wa taa na vivuli, hata kama mchana lilisoma ubao wote.

Ripoti kwanza, hospitali baadaye

Tarehe 7 Agosti 1942, rubani wa Japani Saburō Sakai alipigwa risasi kichwani juu ya Guadalcanal, jicho la kulia likapofuka, na bado akarudi Rabaul, zaidi ya kilomita 1,000, umbali unaouzidi ule wa Nairobi hadi Dar es Salaam. Safari hiyo ya kurudi ilichukua saa 4 na dakika 47. Alipotua alisisitiza kutoa ripoti ya safari kwa mkubwa wake kabla ya kukubali kutibiwa. Mwaka 1944 alirudi vitani na jicho moja, na akaishi hadi mwaka 2000.

Sauti iliyokuwa macho

Tarehe 22 Machi 1952, juu ya Korea, mlipuko ulimfunga macho yote mawili Kenneth Schechter, rubani kijana wa jeshi la majini la Marekani. Alisema redioni kwamba haoni. Mwenzake Howard Thayer alimsogelea kwa ndege yake na kumwongoza kwa maneno tu, inua, shusha, kushoto, kulia, hadi akatua kwa tumbo kwenye kiwanja cha udongo kilichoachwa. Schechter hakuona tena kwa jicho la kulia, lakini aliishi, na filamu ya mwaka 1954, Men of the Fighting Lady, ilichota kisa hicho. Marubani husoma somo moja hapo: tatizo la macho likitokea angani, redio ndiyo daktari wa kwanza.

Aliyekariri ubao

Adolf Galland, rubani wa vita wa Ujerumani aliyehesabiwa ushindi 104, alirusha ndege akiwa na jicho la kushoto lililokuwa na vigae vya kioo tangu ajali ya mwaka 1935. Inasimuliwa kwamba daktari alipotaka kumzuia, alikariri herufi za ubao wa macho kwa mpangilio na kuzitamka kama mtu anayeziona. Mbinu hiyo leo haifiki mbali, kwa sababu daktari haulizi herufi tu: anatazama ndani ya jicho kwa mashine, na vigae havikariri kitu.

Uongo ni ghali kuliko jicho

Kudanganya kwenye fomu ya afya ya rubani nchini Marekani kunaweza kuleta faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5, na onyo hilo limechapishwa kwenye fomu yenyewe. FAA inaweza pia kufuta leseni zote za mhusika. Miaka ya 2000, maafisa walilinganisha majina ya marubani zaidi ya 40,000 wa kaskazini mwa California na kumbukumbu za watu wanaolipwa mafao ya ulemavu. Makumi walijikuta mahakamani, kwa kuwa walikuwa wagonjwa kwa mlipaji na wazima kwa FAA. Ukiweka mezani fedha ambazo Wiley Post alilipwa kwa jicho na faini hiyo ya kuficha jicho, utaona wapi kuna hasara.

Na wewe msomaji

Kama una leseni ya urubani na jicho limeumia, acha kuruka, tibiwa, omba ripoti ya maandishi kwa daktari wa macho, kisha mweleze daktari wako wa usafiri wa anga kabla hajakuuliza; nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani kwako. Kama huna leseni, vaa miwani ya kinga unapochomelea, unapokata nyasi au unapopasua mawe, na usiruhusu mtoto achezee leza akielekeza angani. Kuna mtu huko juu anayetafuta taa mbili nyeupe na mbili nyekundu, na nyuma yake huenda amekaa ndugu yako.